Aliowaumiza Wakampokea

Tumtafakari Harold Larwood, mchimba makaa ya mawe wa Nottinghamshire, mrusha mpira wa kriketi aliyeogopwa kwa kasi yake. Katika ziara ya Australia ya 1932 na 1933, kwa amri ya nahodha wake Jardine, aliwarushia wapigaji mpira wa kuelekea mwilini. Hatusemi hakuwa na hatia. Mkono ulikuwa wake. Lakini wakubwa walipomtaka yeye aombe radhi, alikataa, wala hakuichezea Uingereza tena. Nahodha akaendelea kuongoza hadi 1934! Mwaka 1950 Larwood alihamia Australia, akisaidiwa na Jack Fingleton, mmoja wa wapigaji wale wale. Huko akaishi hadi alipofariki, mwaka 1995.