Hotuba ya Mgeni Rasmi: Ufunguzi wa Mashindano ya Gofu, Nakuru



Maadamu mmenipa heshima ya kufungua mashindano haya hapa Nakuru, penye miteremko ya Menengai, niruhusuni nitaje habari za klabu iliyo nje ya Bonde la Ufa, nayo ni Klabu ya Gofu ya Muthaiga, ambayo mwaka 1967 iliyapokea mashindano ya Kenya Open yalipozaliwa, ikayalea miaka mingi hata mabingwa wa Ulaya wakawa huja kwetu kutafuta sifa. Hapo ndipo aliposhinda Seve Ballesteros wa Uhispania mwaka 1978, naye mwaka uliofuata akatwaa taji la British Open. Na bingwa huyo, jambo lisilosemwa sana, alikuwa mwana wa mkulima wa Pedreña, aliyejifunzia mchezo ufukoni kwa fimbo moja, na utotoni akiwabebea wengine mifuko kwa ujira, kama wafanyavyo makedi wetu hawa wasimamao nyuma yenu.

Zamani za ukoloni klabu za nyanda hizi zilikuwa milki ya Wazungu, na Mwafrika aghalabu hakuingia ila kwa jembe, sinia au mfuko wa fimbo. Hata nyasi zilitoka kwetu: nyasi ya Kikuyu, mmea wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, leo imetanda katika uwanja wa Riviera kule Los Angeles, palipochezwa US Open ya 1948, hali mikono iliyoipanda na kuifyeka hapa haikuandikwa kwenye ubao wowote wa klabu. Hiyo naiona ni dhuluma, na ni juu yetu tulio hai kuiondoa.

Mwaka 1998 Mkenya mwenzetu Jacob Okello alilingana mikwaju na Ricardo González wa Argentina katika Kenya Open, akashindwa katika mchujo wa mwisho tu. Nami nasadiki kwamba Mkenya atakayekileta kikombe kile nyumbani atatoka miongoni mwa makedi, kwani wao huujua uwanja kwa nyayo zao, mwinamo baada ya mwinamo, tangu umande wa alfajiri.

Basi nawaomba, enyi wa Nakuru, Njoro na Gilgil, wapeni makedi siku yao ya kucheza kila wiki, waazimeni fimbo msizozitumia, na majina ya watunza nyasi wakongwe yaandikwe ubaoni pamoja na ya manahodha.

Kwa ombi hilo, natangaza kwamba mashindano yamefunguliwa rasmi. Wachezaji wa kwanza na wasogee.