Chura wa Dawida na Maji ya Mfereji Wako

(Maelezo ya afisa wa habari wa kaunti katika baraza la wananchi kuhusu utunzaji wa misitu, Taita Taveta.)



Leo nimekuja kuzungumza kuhusu chura. Najua kuna anayejiuliza: ndovu wanaingia mashambani, maji ni ya mgao, na kaunti inatuletea habari za chura? Nivumilieni kidogo.

Katika misitu iliyobaki juu ya vilima vyetu, kama Ngangao na Mbololo, anaishi chura mdogo mwenye ngozi ya vipelevipele. Mwaka wa 2009 wanasayansi walimtangaza kuwa spishi ya kipekee, wakamwita Callulina dawida, kwa jina la Dawida yetu. Hapatikani kwingineko duniani.

Chura huyu hategemei kidimbwi. Hutaga mayai chini msituni, penye unyevu, na watoto hutoka wakiwa vyura wadogo bila kuwa viluwiluwi. Miti ikikatwa, jua hupiga ardhi na mayai hukauka. Naye hawezi kuvuka mashamba kutafuta msitu mwingine.

Unyevu huo unatoka wapi? Miti ya kiasili hunasa ukungu unaoletwa na upepo wa Bahari Hindi. Ukungu hudondoka, huzama ardhini, kisha hutokea kwenye chemchemi. Mto Voi unaanzia katika vilima hivi. Kwa hiyo unyevu unaomtunza chura ndio unaotujazia mitungi, sisi wa vilimani na hata ndugu zetu wa tambarare.

Kule Sagalla kuna jamaa yake asiye na miguu, anayefanana na nyungunyungu mkubwa. Alitangazwa mwaka wa 2005, naye hupatikana mlima huo pekee, hata ndani ya mashamba ya watu. Anahitaji udongo laini wenye unyevu. Mikaratusi hunywa maji mengi na kuukausha udongo huo. Wakazi wa huko wameanza kupanda miti ya kiasili badala yake, na tunawapongeza.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, usipande mikaratusi karibu na chemchemi au mto. Panda miti ya kiasili. Pili, usinyunyize dawa za shambani kando ya maji, kwa sababu chura hupumua kwa ngozi pia na sumu humwingia upesi. Tatu, ukimchimbua yule asiye na miguu, usimuue. Si nyoka, wala hana madhara. Mrudishe udongoni.

Ibara ya 69 ya Katiba inampa kila mtu wajibu wa kushirikiana na serikali kulinda mazingira. Jiungeni na vyama vya kijamii vya misitu vilivyo karibu nanyi, na mkiona miti ikikatwa msituni, mwambieni chifu au afisa wa misitu mapema. Msitu ukiisha, chura hana pa kwenda, na sisi hatutakuwa na pa kuteka maji.