Vidonge vya Maumivu na Ugonjwa wa Lupasi

(Maneno ya mwanachama mmoja wa genge la njia, aliyoyasema mbele ya mkutano wa tawi. Yameandikwa hapa kwa ombi la Katibu.)



Tumepewa robo saa ya kusema juu ya ugonjwa ulioingia nyumbani mwetu. Hatukusomea udaktari. Shule yetu ilikuwa ya misheni, tukaishia darasa la nane, na haya tutakayosema tumeyapata kwa kuuliza madaktari na wauguzi, na mengine tumeyapata kwa kukosea. Mtu aliye na daktari wake na amsikilize yeye kwanza, sisi baadaye.

Kila mtu wa genge alijua kopo letu. Lilikaa ndani ya sanduku la vyombo, pamoja na spana na misumari. Aliyeinua mataruma hata mgongo ukamkataa, alifungua kopo, akameza viwili, akarudi kwenye mtaimbo. Kila mwisho wa mwezi tulichanga pesa likajazwa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mlikuwa na vidonge gani. Vilikuwa vya daiklofenaki na ibuprofeni, vimechanganywa kama maharagwe na mahindi.

Mwaka 2019, katikati ya mwaka, mama watoto alianza kuumwa vidole. Asubuhi hakuweza kukamua nguo. Alichoka kabla ya kazi, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, na usoni kikamtoka kivuli cheusi, shavu hili na shavu hili, kimepita juu ya pua. Kwa watu weupe alama hiyo huwa nyekundu. Kwa ngozi yetu huwa nyeusi, nasi tukadhani ni moshi wa jiko. Alitibiwa malaria mara mbili, kisha akaambiwa ni homa ya matumbo, kisha baridi yabisi. Hatuwalaumu sana waliomtibu, maana ugonjwa huu hufanana na mingi.

Basi sisi tulio waume, tukimwonea huruma, tukamletea vidonge vya kopo. Navyo vilifanya kazi! Hilo ndilo lililotudanganya. Akafua, akacheka, akaenda sokoni. Kwa miezi mitano alimeza vitatu kila siku, na vilipopungua alikwenda duka la dawa akachomwa sindano ya dawa ile ile, bila kuulizwa ugonjwa wake ni nini.

Miguu ikaanza kuvimba. Mkojo ukawa na povu kama maji ya sabuni. Mwezi wa Januari, 2020, tulimpeleka hospitali kubwa, wakampima damu, wakampima mkojo, wakakuta presha imepanda na protini nyingi inatoka kwa mkojo, kitu ambacho figo nzima haikiachi kipite. Baada ya siku chache walitoa kipande kidogo cha figo kwa sindano wakakitazama. Daktari, naye ni mama, akasema: ni lupasi, na imeingia kwenye figo. Kisha akauliza: "Mama, kwa maumivu umekuwa ukimeza nini?" Mama watoto hakumjibu. Aligeuka akatutazama sisi.

Lupasi ni neno la Kilatini la mbwa-mwitu. Mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa. Katika lupasi askari hao hugeuka wakampiga mwenye nyumba, leo viungo, kesho ngozi, kesho kutwa figo au moyo. Hauambukizi, wala haukuletwa na mtu wa jirani, ingawa tuliambiwa hivyo pia na tukaonyeshwa na nyumba yake. Kati ya wagonjwa 10, kama 9 ni wanawake, wengi wakiwa katika miaka ya kuzaa. Lakini wanaume hupata. Sisi watu weusi hutupata zaidi kuliko Wazungu, na hutushika figo mara nyingi zaidi. Hakuna dawa ya kuumaliza. Zipo dawa za kuutuliza, hata mtu akaishi miaka mingi na kufanya kazi yake.

Sasa juu ya vidonge. Daktari alisema haki: lupasi yenyewe ilikuwa ikila figo, wala hawezi kugawanya kosa, hili la ugonjwa na hili la kopo. Lakini vidonge viliongeza mzigo, na tena vilituchelewesha. Figo huchuja damu, na mwili una kemikali zake za kuifungulia damu njia ya kuingia humo. Daiklofenaki na ibuprofeni huondoa maumivu kwa kuzuia kemikali hizo hizo. Kwa mtu mzima wa afya, siku mbili tatu, kwa kawaida hapana neno. Kwa figo zilizokwisha kuumwa, ni kufunga bomba. Na maumivu yalipokwisha, sisi tulifurahi kama mlinzi wa njia aliyefunika taa nyekundu kwa gunia.

Wenzetu wa genge, msiseme hayo ni ya wanawake wagonjwa. Mtu anayetoka jasho tangu saa moja asubuhi kwenye jua la Voi, chupa ya maji imekwisha, damu yake imepungua maji. Akimeza vile vya kopo siku kwa siku, figo zake nazo ziko hatarini. Na ikiwa anatumia dawa za presha, hasa zile za kumfanya akojoe na zile za kutuliza mishipa kwa pamoja, hatari ni kubwa zaidi. Vidonda vya tumbo navyo hutoka hapo.

Tulirudi nyumbani na dawa za namna mpya, na hapo ndipo kazi ya kupima ilipoanza.

Ya kwanza ni haidroksiklorokwini. Hii ni ya ukoo wa dawa za malaria, iliruhusiwa Marekani mwaka 1955, na hupewa karibu kila mgonjwa wa lupasi. Jirani walicheka, wakasema amerudishwa malaria. Haiondoi maumivu leo. Huchukua majuma hata miezi, kwa hiyo wengi huitupa wakisema haifai. Kipimo chake hufuata uzito wa mtu, na macho hupimwa, maana ikitumika miaka mingi yaweza kuharibu ndani ya jicho. Mnakumbuka mwaka 2020 watu waliposema dawa hii inaponya korona? Majaribio makubwa yalionyesha kwamba haiponyi. Lakini kwanza ilinunuliwa ikawa adimu katika nchi nyingi, na sisi tulizunguka maduka manne kwa vidonge vya juma moja. Tulikasirika sana wakati ule, na hata leo hasira haijaisha yote.

Ya pili ni prednisoloni. Hiyo ni ya haraka, kama zimamoto. Lakini humvimbisha mtu uso, huongeza sukari na presha, hulainisha mifupa, na pamoja na vile vidonge vya kopo hutoboa tumbo. Mama watoto aliposikia maneno ya wanawake bombani juu ya uso wake, aliiacha siku moja bila kumwambia mtu. Siku ya nne alianguka mlangoni, anatapika, hana nguvu. Tulifundishwa kwamba mwili unaopewa dawa hiyo kwa muda mrefu huacha kujitengenezea ya kwake, kwa hiyo haiachwi ghafula. Daktari huipunguza kidogo kidogo. Madaktari wa siku hizi hutaka ifike miligramu 5 kwa siku au chini yake.

Ya tatu ndiyo iliyotunyima usingizi. Kwa figo daktari alitupa njia mbili tuchague. Saiklofosfamaidi, ya kutiwa mshipani hospitali, ambayo ikitumika nyingi yaweza kumfunga mwanamke asizae tena. Au maikofenoleti, ya vidonge kila siku, ambayo haiharibu uzazi lakini mimba ikiingia wakati anaitumia, humharibu mtoto au mimba hutoka. Nasi tulikuwa na watoto wawili, na mama watoto alimtaka wa tatu. Tulizungumza usiku mwingi. Wazee walisema vidonge ni gharama ya kila mwezi, chukueni ya mshipa iishe. Mama watoto alisema figo ni zake na tumbo ni lake. Tukachukua maikofenoleti na kinga ya uzazi ambayo daktari mwenyewe aliichagua, kwa sababu si kila kidonge cha mpango wa uzazi kinafaa kwa lupasi.

Protini ilipungua polepole. Mwisho wa 2022 figo zilikuwa zimetulia muda mrefu, daktari akaondoa maikofenoleti akaweka azathioprini, ambayo yaweza kutumiwa wakati wa mimba. Hairuhusiwi kushika mimba mara moja: maikofenoleti iwe imeachwa majuma 6 kwa uchache, na ugonjwa uwe umelala miezi 6. Tukangoja. Haidroksiklorokwini haikuachwa hata siku moja, na wakati wa mimba alipewa aspirini ndogo ya miligramu 75 kwa ajili ya presha ya mimba. Hapo tulishtuka tukauliza, je, aspirini si ya jamii ya kopo? Tukajibiwa: kipimo kidogo kilichotolewa na daktari anayepima mkojo kila mara, na konzi ya vidonge visivyo na jina, ni mambo mawili. Mtoto alizaliwa mwaka 2024. Ni msichana, na ana sauti.

Maumivu hayajaisha, ndugu. Siku za baridi vidole bado humkataa. Siku hizi anatumia parasetamoli: viwili vya miligramu 500, hangojei chini ya saa 4, wala havuki 8 kwa siku nzima. Hata hiyo si maji ya kunywa tu. Ikizidi huua ini, na anayekunywa pombe nyingi apewe kidogo zaidi. Tena imo ndani ya dawa nyingi za mafua, mtu akameza mara mbili bila kujua. Soma karatasi, au mwambie mtoto wa shule akusomee. Tramadoli twaikwepa, maana humshika mtu asiweze kuiacha. Maji ya moto kwenye vidole humsaidia kuliko tulivyotazamia, na jua analikimbia: kofia, mikono mirefu, soko la alfajiri, kwa sababu jua huamsha lupasi. Na popote aendapo kutibiwa husema kwanza, "Nina lupasi," wasimpe dawa za salfa kama Septrin.

Sasa Bwana Mwenyekiti, tuna maombi mawili kwa kamati.

La kwanza ni kopo. Twaomba chama kimwandikie mwajiri aweke sanduku la huduma ya kwanza kwa kila genge, lenye dawa zenye majina, na maji ya kunywa ya kutosha kwenye toroli. Hatutaki kuchanga tena.

La pili ni siku za kiliniki. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa mfanyi kazi aliyemaliza miezi miwili siku 7 za ugonjwa kwa mshahara mzima na 7 kwa nusu mshahara, kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Hizo ni kwa uchache. Mapatano ya chama yaweza kuongeza. Mtu mwenye lupasi huzimaliza kabla ya Juni. Na mwajiri akitaka kumwachisha mtu kwa sababu ya afya, sheria hiyo hiyo yamtaka kwanza aeleze sababu kwa lugha anayoielewa, naye awe na mwenzake au mjumbe wa chama kando yake. Wengi hawajui wakatia sahihi peke yao ofisini. Twaomba jambo hili liandikwe kwenye ubao wa kila stesheni.

Hayo ndiyo yetu. Maswali tutayajibu tuwezavyo. Mama watoto yuko pale nyuma pamoja na mtoto, amekubali kuulizwa, ila asiulizwe habari za uso.