Simba wa Bilbao: Nani ni wa Kwetu?

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani baada ya chakula cha mchana, siku ya mkutano wetu wa mwaka.)



Nimepewa dakika kumi na tano nizungumze juu ya michezo. Nadhani Katibu alitaka nisimulie mabao yetu ya zamani. Lakini nimegundua kwamba kila mwaka mabao yangu yanaongezeka, na wale niliocheza nao, ambao wangeweza kunisuta, wanapungua. Kwa hiyo leo nitasema juu ya wachezaji wa watu wengine.

Asubuhi, katika mkutano wetu, lilitolewa pendekezo. Mechi yetu na majirani inakaribia, na tumefungwa miaka mitatu mfululizo. Mwenzetu mmoja akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba tuchange fedha, tutafute vijana wanne au watano wanaoujua mpira, waandikishwe hapa muhula mmoja, kombe lirudi nyumbani. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Mtu mzima akinyamaza mkutanoni, ana lake moyoni. Nitalitoa, lakini nipeni ruhusa kwanza niwapeleke Hispania.

Wengi mnajua kwamba nilikuwa baharia. Mapema mwaka 1977 meli yetu ilitia nanga Bilbao, mji wa chuma na viwanda vya meli, kaskazini mwa Hispania. Jumapili bwana mmoja wa bandarini, alipoona napenda kandanda, akanichukua uwanjani San Mamés. Mimi sikujua lugha yake, naye Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Nilipomwuliza wachezaji wametoka wapi, aligusa kifua chake, akaonyesha uwanja, kisha akazungusha mkono kwenye vilima vyote vilivyouzunguka mji. Nikaelewa: wote ni wa hapa.

Timu hiyo ni Athletic Club. Ilianza mwaka 1898 kwa Waingereza waliofanya kazi huko na vijana wa Bilbao waliokwenda kusoma Uingereza. Mwaka 1911 ulizuka ugomvi juu ya kuchezesha wageni. Tangu siku hizo klabu ikashika desturi ya kuchezesha watoto wa nchi ya Wabaski tu. Wabaski ni watu wenye lugha yao, wanaokaa kaskazini mwa Hispania na pembeni kidogo mwa Ufaransa. Wachezaji wake huitwa Simba, kwa sababu ya Mtakatifu Mamés, ambaye hadithi inasema alitupiwa simba wasimle. Wapenzi wa Simba wa Dar es Salaam, msipige makofi bado. Na wa Yanga msinune, hotuba ingali ndefu.

Sasa niwatajie baadhi ya watu waliotoka katika vilima vile.

Wa kwanza ni Rafael Moreno Aranzadi, aliyejulikana kwa jina la utani la Pichichi. Alizaliwa Bilbao mwaka 1892. Alikuwa mdogo wa umbo, akicheza na kitambaa cheupe kichwani. San Mamés ilipofunguliwa Agosti 1913, bao la kwanza kabisa lilikuwa lake. Alitwaa Kombe la Mfalme mara nne, na mwaka 1920 alikuwamo katika timu ya Hispania iliyopata medali ya fedha katika Olimpiki ya Antwerp. Lakini miguu ilipoanza kuwa mizito, watazamaji walewale waliombeba wakamzomea. Akaacha mpira mwaka 1921, akashika filimbi ya urefa, na tarehe 1 Machi 1922 akafa kwa homa, hajatimiza miaka thelathini. Mwaka 1926 wakamwekea sanamu uwanjani. Desturi ikawa kwamba timu inayofika San Mamés kwa mara ya kwanza, nahodha wake huweka maua mbele ya sanamu hiyo. Na hadi leo mfungaji bora wa ligi ya Hispania hupewa tuzo iitwayo Pichichi, hata kama anachezea Madrid au Barcelona. Vijana, msimzomee mwenzenu. Mnaweza kuja kudaiwa maua.

Wa pili ni Telmo Zarraonandia, au Zarra, mtoto wa mkuu wa stesheni ya reli, aliyezaliwa mwaka 1921. Huyu alifunga mabao 251 katika ligi. Rekodi hiyo ilisimama zaidi ya nusu karne, mpaka Messi alipoipita Novemba 2014. Alikuwa mfungaji bora mara sita, na katika msimu wa 1950-51 peke yake alifunga 38. Sifa yake kubwa ilikuwa kichwa, lakini bao lake linalotajwa kuliko yote alilifunga kwa mguu: ni lile la Kombe la Dunia huko Rio de Janeiro, tarehe 2 Julai 1950, Hispania ilipoifunga Uingereza 1-0.

Na mpira ule ulitoka wapi? Ulitoka kwenye kichwa cha Agustín Gainza, winga wa kushoto wa Athletic, rafiki yake. Gainza ndiye aliyefunga mabao manane katika mechi moja ya Kombe dhidi ya Celta, mwaka 1947, walipowatandika 12-1. Safu yao ya mbele ilikuwa Iriondo, Venancio, Zarra, Panizo na Gainza, na wazee wa Bilbao waliwasoma kwa mfululizo huo kama sisi tulivyosoma jedwali la mara.

Mkumbuke pia kwamba hizo zilikuwa enzi za Jenerali Franco. Lugha ya Wabaski ilibanwa, bendera yao ilipigwa marufuku, na klabu ililazimishwa mwaka 1941 kuacha jina lake na kujiita Atlético de Bilbao. Jina la asili lilirudi mwaka 1972. Kwa watu wale timu ilikuwa zaidi ya mpira.

Basi mwaka 1958 wakafika fainali ya Kombe la Hispania, dhidi ya Real Madrid, Madrid kwenyewe. Madrid walikuwa wametoka kuwa mabingwa wa Ulaya kwa mara ya tatu mfululizo, na Di Stéfano alikuwamo. Athletic walileta vijana wa miji na vijiji vyao, na Gainza aliyekwisha kuzeeka kimpira. Arieta akafunga, Mauri akafunga, 2-0. Timu ile imebaki katika kumbukumbu kwa jina la wanavijiji kumi na mmoja, na wenyewe waliliona jina hilo kuwa sifa.

Sasa nifike kwa yule niliyemwona kwa macho yangu: golikipa José Ángel Iribar. Alilinda lango la Athletic kuanzia 1962 hadi 1980, mechi 614, na mwaka 1964 alikuwa golini Hispania ilipotwaa ubingwa wa Ulaya. Alikuwa mrefu, mwembamba, kila mara amevaa nguo nyeusi. Lakini bwana wa bandarini hakunisimulia mipira aliyodaka. Alinisimulia jambo la miezi michache tu nyuma.

Tarehe 5 Desemba 1976, mwaka mmoja baada ya kifo cha Franco, Athletic walikwenda kucheza na jirani zao Real Sociedad. Bendera ya Wabaski ilikuwa bado marufuku. Manahodha wawili, Iribar wa Athletic na Kortabarria wa Real Sociedad, wakaingia uwanjani wameishika pamoja, mmoja huku na mmoja kule. Wiki chache baadaye, Januari 1977, serikali ikairuhusu. Siku ile Iribar alifungwa mabao matano kwa bila. Nawaulizeni, ni nani anayeyakumbuka mabao yale? Watu wanakumbuka bendera.

Sitaki mdhani nawasifu malaika. Timu iliyotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1983 na 1984, yenye Zubizarreta golini na Dani na Sarabia mbele, ilikuwa pia na beki Goikoetxea, aliyemvunja Maradona kifundo cha mguu Septemba 1983. Fainali ya Kombe ya 1984, walipoifunga Barcelona 1-0, iliishia kwa ngumi na mateke. Na mwaka 1995 walipomnunua kijana Joseba Etxeberria kutoka Real Sociedad, majirani walikasirika sana. Desturi nzuri haimfanyi mtu kuwa mwema. Inampa tu kitu cha kumrudisha njiani.

Desturi hiyo pia ina gharama. Baada ya 1984 walikaa miaka arobaini bila ligi wala Kombe. Walifika fainali, wakafungwa, wakarudi kwenye vilima vyao kulea vijana wengine. Hata hivyo, tangu ligi ya Hispania ianze mwaka 1929 hadi msimu wa 2024-25, hawakushuka daraja hata mara moja. Wengine wenye sifa hiyo ni Real Madrid na Barcelona peke yao.

Sasa kuna swali ambalo lazima kijana mwerevu atauliza: je, huu si ubaguzi? Nani ni wa kwetu? Nao Wabilbao walilazimika kulijibu, na jibu lao limepanuka kadiri miaka ilivyokwenda. Mwaka 2011 alicheza Jonás Ramalho, mama Mbaski, baba kutoka Angola. Akaja Iñaki Williams. Wazazi wake ni Waghana waliovuka jangwa la Sahara, sehemu kubwa kwa miguu, mpaka wakafika Hispania. Iñaki alizaliwa Bilbao mwaka 1994, mdogo wake Nico akazaliwa Pamplona mwaka 2002. Hawana hata tone la damu ya Wabaski. Lakini nchi ile iliwazaa, ikawalea, ikawafundisha mpira, basi ni wao. Kuanzia Aprili 2016 hadi Januari 2023 Iñaki alicheza mechi za ligi mfululizo bila kukosa hata moja, mechi 251: idadi ileile ya mabao ya Zarra. Mwaka 2022 yeye alichezea Ghana na mdogo wake Hispania katika Kombe la Dunia moja. Na tarehe 6 Aprili 2024, wote wawili wakiwamo, Athletic waliifunga Mallorca kwa penalti, Kombe likarudi. Walipandishwa kwenye tishari, wakapitishwa mtoni katikati ya mji, kama walivyofanyiwa mashujaa wa 1984.

Kwa hiyo mtoto ambaye baba yake amehamishwa kikazi, akaja hapa Kidato cha Tatu, akala maharage yetu na akafagia bweni letu, huyo ni wa kwetu kabisa. Anayeletwa Ijumaa kucheza Jumamosi, si wa kwetu.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nitoe lile la moyoni.

Pale kwenye korido ya ofisi kuna picha ya timu iliyotwaa kombe mwaka 1971. Mimi ndimi nahodha, nimeshika mpira. Chini yameandikwa majina kumi na moja. Jina la mwisho, winga wa kushoto, ni la mwenzetu ambaye muhula mzima alikimbia alfajiri, akabeba mipira, akachora mistari ya kiwanja kwa chokaa. Lakini anayeonekana pichani si yeye. Ni mamluki, kijana wa mjini tuliyemwingiza usiku wa kuamkia fainali, akacheza kwa jina la mwenzetu. Mimi nilijua. Mimi ndiye niliyekwenda bwenini kumwomba jezi yake. Alinikabidhi bila neno, imekunjwa. Na siku ya fainali tulimfungia bwenini ili mtu asimwone mahali pawili.

Tulishinda 2-0, na yule mgeni alifunga yote mawili. Zaidi ya miaka hamsini mwenzetu anasifiwa kwa mabao ambayo hakuyafunga. Hajawahi kuja mkutano wetu hata mmoja. Mwaka juzi nilikutana naye stendi ya basi. Akanisalimu vizuri, tukazungumza habari za wajukuu na mvua. Nilipomwambia, "Njoo mwaka huu," akanitazama, akasema, "Nije kama nani?"

Sikuwa na jibu, na leo sina.

Majirani wametufunga miaka mitatu. Inauma, najua. Lakini Iribar alifungwa matano siku ambayo watu wake hawataisahau, na mimi nilishinda siku ambayo ningependa kuisahau. Nawaomba mliopiga makofi asubuhi tuchange zilezile fedha, tusawazishe kiwanja, tununue mipira na njumu, na tumsaidie mwalimu wa michezo apate mafunzo. Mchango wangu nimekwisha kumkabidhi Mweka Hazina. Na namwomba Mkuu wa Shule ruhusa ya kuandika ukweli chini ya picha ile. Nikipewa ruhusa, nitakwenda mwenyewe kwa mwenzetu nikamweleze.

Vijana, mkifungwa mwaka huu, fungweni mkiwa ninyi wenyewe. Mwakani mtakuwapo.