Kachumbari yenye Nafaka: Bulga ya Mgao na Majani Mabichi

(Muziki wa kufungulia. Unashuka polepole.)

Popote ulipo, iwe kambini, kwenye makazi ya wakimbizi au katika kijiji kilichowapokea wageni, sogea karibu na redio. Kama una kalamu na karatasi, viweke tayari, kwa maana leo tunaingia jikoni.

Tutatengeneza chakula cha pembeni, yaani kile kinachowekwa kando ya chakula kikuu. Ni cha baridi, kina nafaka ndani yake, kina majani mabichi, nyanya, kitunguu na ndimu. Watu wa Lebanon na Syria wanakiita tabule. Sisi tunaweza kukiita kachumbari yenye nafaka, na hapo kila mtu atakuwa ameshaelewa.

Huenda unajiuliza: katika shida hizi tulizo nazo, kwa nini tuzungumzie saladi? Swali ni zuri. Sikiliza jibu lake.

Mgao wa chakula mara nyingi ni vitu vikavu: unga, nafaka, maharage au mbaazi, mafuta na chumvi. Vitu hivyo hushibisha na hutia nguvu, lakini nafaka kavu na maharage makavu karibu hazina vitamini C kabisa. Mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza vitamini hiyo wenyewe, wala hauwezi kuiweka akiba kwa muda mrefu. Mtu akikaa miezi miwili au mitatu bila kuipata, anaanza kuchoka, viungo vinauma, fizi zinavimba na kutoa damu, na vidonda vinachelewa kupona. Huo ndio ugonjwa wa kiseyeye. Katika miaka ya 1980 ulizuka katika kambi za wakimbizi nchini Somalia, Sudan na Ethiopia, kati ya watu waliokuwa wakipokea mgao lakini hawapati matunda wala mboga. Kwa hiyo bakuli dogo la majani mabichi si anasa. Linaongeza kile ambacho gunia halina.

Sasa tuitazame nafaka yenyewe. Bulga ni ngano. Kwanza huchemshwa ikiwa nzima, kisha huanikwa juani hadi ikauke kabisa, halafu hupaazwa, yaani husagwa chengachenga bila kufanywa unga. Huko Lebanon, Syria na Uturuki kazi hii ni ya tangu zamani. Baada ya mavuno, ngano ilichemshwa katika masufuria makubwa, ikaanikwa juu ya paa za nyumba, na familia ikapata akiba ya mwaka. Kwao bulga ni chakula cha nyumbani. Familia za Syria zilizolazimika kuhama makwao tangu vita vilipoanza mwaka 2011 zilipoikuta bulga katika maboksi ya msaada, zilijua la kufanya nayo.

Kwetu sisi ilikuja kwa njia nyingine. Baada ya Marekani kupitisha sheria yake ya chakula cha msaada mwaka 1954, bulga ikaja kuwa miongoni mwa vyakula vilivyosafirishwa kwenda nchi nyingi. Baadhi ya waliosoma shule za msingi nchini Tanzania miongo iliyopita wanaikumbuka bulga ya shuleni. Huenda hata kwenu imewahi kugawiwa, na huenda jirani yako aliiuza kwa bei ya kutupa kwa sababu hakuijua. Hatumlaumu. Chakula usichokijua ni kama mgeni aliyefika bila mtu wa kumtambulisha. Basi leo tumtambulishe.

Uzuri wa kwanza wa bulga ni huu: kwa kuwa ilishaiva kabla ya kukaushwa, haihitaji kukaa jikoni muda mrefu. Ukiwa na maji yanayochemka, inatosha. Mama anayetembea mbali kutafuta kuni, au binti anayeogopa kwenda porini peke yake, anajua maana ya kuokoa kuni hata za nusu saa.

Haya, andika. Kiasi hiki kinatosha familia ya watu watano, kikiwa chakula cha pembeni:

Bulga, kikombe kimoja cha chai kilichojaa.
Maji yanayochemka, vikombe viwili.
Persili, ile wanayotumia Lebanon, mafungu mawili makubwa. Kama hakuna, tumia giligilani mbichi, ambayo wengine huiita kotimiri.
Majani ya nanaa, kiganja kimoja.
Nyanya tatu zilizoiva lakini bado ngumu.
Tango moja, kama lipo.
Kitunguu kimoja.
Ndimu tatu au malimau mawili.
Mafuta ya kula, vijiko vitatu vya mezani. Kule kwao hutumia mafuta ya zeituni. Wewe tumia yale ya mgao.
Chumvi, kwa kuonja.

Kabla ya kugusa chochote, osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Osha pia kisu, ubao na bakuli.

Hatua ya kwanza. Pepeta bulga na uondoe mawe na takataka. Itie ndani ya sufuria, imwagie maji yanayochemka, ifunike vizuri, kisha izungushie blanketi au kanga nzito. Iache nusu saa bila kuifunua. Ikiwa chenga ni kubwa, ongeza dakika kumi na tano. Onja punje chache: ziwe laini lakini zisipondeke. Maji yakibaki, yachuje, kisha iache ipoe.

Hatua ya pili, na hapa ndugu msikilizaji naomba usikilize kwa makini, ni kuosha mboga. Mboga mbichi zinaweza kubeba vijidudu vya kuhara. Ondoa majani yaliyooza na udongo. Osha jani kwa jani kwa maji yaliyo salama kunywa, yaani yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya klorini kama maelekezo ya pakiti yanavyosema. Badilisha maji hayo mara mbili au tatu, mpaka usione mchanga chini ya bakuli. Nyanya na tango zioshwe kabla ya kukatwa, si baada ya kukatwa. Tango ni vyema ulimenye. Kung'uta majani yakauke, kwa sababu majani yaliyolowa huifanya saladi iwe na majimaji.

Kuna wanaosema ndimu inaua vijidudu vyote, kwa hiyo kuosha si lazima. Hapana. Ndimu inaleta ladha na vitamini, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya maji safi na sabuni.

Hatua ya tatu. Katakata persili au giligilani vipande vidogo sana pamoja na nanaa. Katakata nyanya, tango na kitunguu vipande vidogo vidogo. Changanya vyote na bulga iliyopoa. Kamulia ndimu, tia mafuta na chumvi, kisha geuza taratibu. Iache dakika kumi ili ladha ziingiane, halafu pakua.

Mpishi wa Lebanon akiiona sahani yako atataka majani yawe mengi kuliko bulga, mpaka sahani iwe ya kijani. Nchini Uturuki wana saladi ya jamaa moja na hii, inaitwa kisir, nayo ina bulga nyingi zaidi na nyanya ya kopo. Kwa hiyo usiogope vipimo. Kama majani ni machache leo, weka bulga zaidi. Kesho ukipata majani mengi, geuza.

Sasa, kwa nini tule hii pamoja na maharage au mbaazi za mgao? Maharage na nafaka zina madini ya chuma, yanayojenga damu. Lakini chuma cha kwenye mimea huingia mwilini kwa shida. Vitamini C ikiwepo katika mlo huohuo, chuma hicho huingia kwa urahisi zaidi. Hili ni muhimu sana kwa mama mjamzito, kwa mwanamke aliye katika umri wa kupata hedhi, na kwa mtoto anayekua. Chai ya majani, kwa upande wake, inazuia chuma kuingia. Hivyo kunywa chai yako saa moja kabla au baada ya mlo. Mafuta nayo yana kazi yake: yanausaidia mwili kuichukua vitamini A iliyo katika mboga za kijani.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate miligramu 45 hivi za vitamini C kwa siku. Gramu 100 za persili mbichi zina zaidi ya miligramu 100. Giligilani ina kiasi kidogo kuliko hicho, ndiyo maana usiache ndimu na nyanya. Na kama kuna mpera karibu na nyumba yako, unayo hazina. Pera moja tu laweza kutosha mahitaji ya siku nzima.

Wengine mtasema, mtangazaji, sisi huku hatuna bulga. Sawa. Tumia mtama mzima. Uloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha uchemshe mpaka punje ziwe laini, uchuje na uupoze. Unatumia kuni nyingi kuliko bulga, kwa hiyo uchemshe siku ambayo tayari unapika maharage. Kama huna persili wala giligilani, tumia mchicha mchanga au majani ya kunde, lakini yatumbukize kwanza katika maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, kisha yakamue na kuyakatakata. Angalizo moja: usitumie kamwe kisamvu kibichi. Majani ya muhogo yana sumu, na ni lazima yatwangwe na kupikwa vizuri.

Sasa naomba mnisikilize kuhusu kipindupindu, ambacho ndugu zetu wa Kongo wanakiita kolera. Ukisikia kuna mlipuko katika eneo lenu, acha kabisa mboga mbichi mpaka wahudumu wa afya waseme hali imetulia. Kula chakula kilichopikwa kikiwa bado cha moto, na matunda unayoyamenya mwenyewe. Bulga haitapotea. Watu wa Syria na Lebanon huipika na adesi, wakaweka juu yake vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vya kahawia. Chakula hicho huitwa mujadara. Wewe waweza kuipika na mbaazi au maharage, ukaila ya moto. Na mtu akianza kuhara maji maji, mpe maji ya chumvichumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS, na mpeleke kituo cha afya mara moja.

Tena, saladi hii haina kiporo. Mahali pasipo na jokofu, iliwe ndani ya saa mbili. Tengeneza inayotosha mlo mmoja. Mtoto aliye chini ya miezi sita asipewe, kwani chakula chake ni maziwa ya mama peke yake. Mtoto mdogo aliyeanza kula apondewe iwe laini, asije akapaliwa.

Mwisho, majani yatoke wapi? Huhitaji shamba. Gunia moja lililojaa udongo na samadi iliyooza vizuri latosha kuanzia. Nanaa huota kwa kuchomeka kipande cha shina chenye mizizi. Giligilani huota kwa mbegu zilezile za dukani, na baada ya wiki chache unaanza kuchuma majani. Kata ya nje, acha ya katikati yaendelee kukua. Ila maji machafu ya kufulia yasimwagwe juu ya majani utakayoyala mabichi.

Kwa vikundi vya wasikilizaji, jadilianeni maswali haya. Katika mlo wenu wa jana, ni kitu gani kilikuwa kibichi? Maji ya kuoshea mboga hapo kwenu mnayatibu namna gani? Na nani katika kikundi ana mbegu au shina la nanaa la kumgawia mwenzake?

Tumefika mwisho wa kipindi. Kumbukeni mambo matatu: maji yanayochemka kwa bulga, maji salama kwa mboga, na ndimu kando ya maharage. Mlo mwema, na mkae salama.

(Muziki wa kufungia.)