Kisu cha Mfukoni katika Kibanja cha Kahawa na Migomba

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Bukoba



Nimeombwa nizungumze juu ya kifaa kidogo ambacho wengi wenu mnacho mfukoni hivi sasa: kisu cha kukunja chenye vyombo vingi ndani yake. Kifaa hiki hakikubuniwa kwa ajili yetu. Kile chekundu cha Uswisi kilitokana na kazi ya Karl Elsener, aliyeandikisha kisu chake cha maafisa wa jeshi mwaka 1897. Kile chenye koleo katikati kiliingia sokoni mwaka 1983 kwa jitihada za Mmarekani Tim Leatherman, ambaye alipata wazo hilo mwaka 1975 alipokuwa akizunguka Ulaya kwa gari bovu lililokuwa likimtaka matengenezo kila mara. Mwanajeshi na msafiri wa gari bovu wana haja zao, na mkulima wa Muleba ana zake. Kwa hiyo si ajabu kwamba kisu hicho, kama kilivyotoka kiwandani, hakitufai sawasawa.

Wala tusione haya kukibadili. Wahunzi wa nchi hii walikuwa wakiyeyusha chuma kigumu kwa mivukuto yao tangu takriban miaka 2,000 iliyopita, na tanuri zilizochimbuliwa Katuruka, karibu na Maruku, ni ushahidi. Watu wa asili hiyo hawana sababu ya kuogopa tupa na nati.

Naanza na kizibuo cha chupa za mvinyo. Sijapata kumwona mwanachama akikitumia. Kinaweza kuondolewa, na nafasi yake ikabaki kwa chombo chenye kazi. Tazameni badala yake ule msumari mnene wa kutobolea ngozi. Visu vingine huwa na tundu katika msumari huo, vingine havina. Ukitobolewa tundu karibu na ncha, unakuwa shazia ya kushonea magunia ya kahawa, na mwenye nao hatazunguka ghalani akiulizia shazia ya jirani siku ya kupeleka mazao chamani. Lakini chuma hicho ni kigumu, na keekee ya kawaida itateleza juu yake. Fundi aipashe moto ncha peke yake mpaka iwe nyekundu, aiache ipoe polepole, ndipo atoboe. Ubapa wa kukatia usiguswe na moto huo. Hata anapousaga kwenye jiwe la kuzunguka, auchovye majini mara kwa mara. Akiona rangi ya buluu ikijitokeza kwenye makali, ajue ugumu umekwisha toka, na kisu hicho kitakuwa kikinolewa asubuhi na kuwa butu adhuhuri.

Kamba nayo ni jambo dogo, lakini ifungwe, na iwe ya rangi kali. Kisu kikianguka katika matandazo ya nyasi hakionekani tena mpaka mvua za mwaka ujao.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hasa. Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria, tunaouita unyanjano, uliripotiwa katika wilaya ya Muleba, baada ya kuonekana Uganda mwaka 2001. Hauna dawa. Majani hugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na utomvu wa manjano hutoka mahali palipokatwa. Nao husafiri juu ya makali ya kisu kutoka mgomba hadi mgomba. Mimi mwenyewe nilikata maua dume ya migomba yangu kwa kisu cha mfukoni, mgomba baada ya mgomba, nikikifuta kwa jani kavu na kujiona msafi. Safu niliyoipitia siku ile ndiyo iliyonyauka. Nilipokifungua kisu, nilikuta utomvu mweusi umeganda ndani ya mpini, mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya kisu cha kukunja: kina mifuko ya siri. Fundi anaweza kuondoa ribiti na kuweka bolti yenye nati mbili zilizokazwa moja juu ya nyingine, ili kisu kifunguliwe chote na kuoshwa. Mabamba ya plastiki ubavuni nayo yatolewe, yawekwe ya chuma, kwa kuwa plastiki huyeyuka na mti hunywa utomvu. Kisha kioshwe kwa jiki, sehemu moja kwa sehemu tano za maji, kisuuzwe, kikaushwe na kupakwa mafuta kidogo, maana jiki hula chuma. Njia ya moto, ambayo ni nzuri kwa panga na mundu, haikifai kisu hiki: mtu atachoma mpaka chuma kisiguswe, na makali na kamani vitalegea.

Hata hivyo, ushauri wangu ni kwamba kisu cha kukunja kisiingie kwenye migomba kabisa, hata kikirekebishwa vipi. Kwa kazi ya kukata, mwe na kisu cha kipande kimoja kisicho na maungio, kipitishwe motoni au kwenye jiki kila baada ya shina. Ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda, bila chuma chochote. Kisu cha mfukoni kibaki kwa magunia, kwa nyaya, na kwa machipukizi ya mibuni. Na hapo pia kioshwe kati ya mti na mti, kwa sababu mnyauko wa mibuni, uliotuharibia robusta tangu miaka ya 1990, huingia kwa njia ya majeraha.

Mezani nimeweka visu viwili, kimoja kama kilivyonunuliwa na kingine nilichokirekebisha. Jaribuni shazia kwenye gunia lile lililo mlangoni. Ubapa mrefu msiufungue bado. Nati ya pili sijaikaza.