Boma Ni Deni

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kongamano la vijana wa chama, Mbinga mjini. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimepunguza tu pale nilipojirudia.)

  

Nimepangiwa niongee juu ya makazi na huduma za jamii. Nilipomwambia bibi yangu kule ziwani, akacheka. Akasema, "Makazi ya nani, mjukuu wangu? Sisi nyumba tunazo." Nikanyamaza, maana bibi amesema kweli. Huku kwetu mtu akitaka nyumba anafyatua tofali, anachoma, anaita ndugu, wanasimamisha. Hakuna anayekaa kusubiri serikali imjengee.

Sasa sera ya nyumba za umma inamhusu nani? Shirika la Nyumba la Taifa lilianza mwaka 1962. Mwaka 1971 majumba ya kupangisha yakataifishwa, akaanzishwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 kazi yake ikaunganishwa na ya Shirika. Historia yote hiyo ni ya mjini. Hata zile nyumba zinazoitwa za gharama nafuu, kama za Mkuzo pale Songea, zinamtaka mtu mwenye mshahara unaopita benki. Mvuvi wa Liuli apeleke nini benki? Mbasa wawili na wavu? Mkulima wa kahawa wa hapa Mbinga anapata hela kwa msimu. Benki haimwelewi.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: huku kwetu nyumba ya umma inayotuuma ni moja tu. Ni nyumba ya mwalimu, nyumba ya nesi. Hiyo ikikosekana, huduma nayo haipo, hata kama jengo lake limepakwa rangi na limezinduliwa kwa ngoma.

Niwape habari ya kwetu. Kijiji chetu kina zahanati. Nikiwa darasa la tano, tukaambiwa tuchangie nyumba ya mtumishi. Kila kaya ilete matofali, akina mama wabebe mchanga, vijana wasombe mawe ya msingi. Serikali ikasema wananchi mkifikisha lenta, sisi tutaleta bati na kumalizia. Mama yangu alibeba mchanga kutoka ufukweni asubuhi kabla ya kwenda kulowanisha mihogo. Sisi wanafunzi tulibeba tofali mbili mbili kila tukienda shule. Tukafikisha lenta. Watu wakapiga vigelegele.

Leo niko chuo kikuu nasoma sheria. Lile boma bado liko kwenye lenta. Ndani umeota mpapai, na nimeula mapapai yake likizo iliyopita.

Nesi hana pa kulala. Amepanga chumba kijiji cha pili, mwendo wa saa nzima kwa mguu. Jua likizama zahanati inafungwa, na mimi simlaumu, naye ni binti wa watu. Shangazi yangu alishikwa uchungu usiku wa manane. Walimpeleka, wakakuta kufuli. Alijifungulia barazani pale zahanati, bibi ndiye aliyempokea mtoto, kwa mwanga wa tochi ya simu. Mungu alisaidia, mtoto yuko hai, mama yuko hai. Lakini makamanda, tusiendeshe afya ya taifa kwa "Mungu alisaidia". Wapo ambao baraza haikuwatosha.

Watatuambia maendeleo yapo. Ni kweli, yapo, tusiwe watu wa kukataa kila kitu. Barabara ya lami kutoka hapa Mbinga mpaka Mbamba Bay, kilomita 66, tunaipita na tunaifurahia. Ni kodi yetu. Mwaka 2021 nchi ilipata mkopo wa trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, yakajengwa madarasa 15,000 nchi nzima. Vizuri. Ila darasa halifundishi. Anayefundisha ni mwalimu, na mwalimu jioni anahitaji kitanda. Mwalimu akipangiwa kijiji kisicho na nyumba, anaripoti, anasaini, mwezi wa tatu anaanza kutafuta uhamisho. Wetu wa hesabu alikaa muhula mmoja. Alipanga kwa bibi yangu chumba kinachovuja. Nilimpenda sana yule mwalimu. Kidato cha nne hesabu nilipata F.

Tena msiseme serikali haijui thamani ya nyumba kwa mtumishi. Inaijua. Kuanzia mwaka 2002, awamu ya tatu, iliuza maelfu ya nyumba zake kwa watumishi wake. Mtumishi wa mjini akauziwa nyumba iliyojengwa kwa kodi ya watu wote, ikawa mali yake. Mtumishi wa kijijini akaachiwa boma lenye mpapai.

Mtaniuliza, wewe mwanasheria, si tuende mahakamani? Hapa niwaambie ukweli. Katiba yetu, Ibara ya 8, inasema ustawi wa wananchi ndilo lengo kuu la Serikali. Tamu sana. Lakini rudi nyuma kidogo, Ibara ya 7(2): masharti ya sehemu hiyo hayawezi kutekelezwa na mahakama yoyote. Yaani ahadi imeandikwa, na mlango wa kuidai umefungwa kwenye ukurasa ule ule. Wenzetu Kenya, Katiba yao ya 2010, Ibara ya 43, imetaja makazi na huduma ya afya kuwa haki za kila mtu. Ndiyo maana tunapodai katiba mpya hatudai mambo ya wakubwa kugawana vyeo. Tunadai na ufunguo wa lile kufuli la zahanati.

Mpaka tuipate, tufanye nini? Tukae? Mkoa huu wa Ruvuma haujawahi kukaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa, Songea. Kikazaa chama cha maendeleo cha Ruvuma, vijiji vikafika kama 17, vikiwa na shule yao, kinu chao cha kusaga, mashine yao ya kupasua mbao. Walijenga, na waliamua wenyewe. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja. Jasho la wananchi lilikuwa halina tatizo. Kilichowakera wakubwa ni wananchi kuamua. Mpaka leo tunaitwa kubeba mchanga, hatuitwi kupanga bajeti.

Lakini nafasi ipo, ndogo, tuitumie. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa kukaa kila miezi mitatu. Siyo wa chama fulani. Ni wako.

Ombi langu ni hili. Ukirudi kwenu, iwe Lituhi, Kihagara, Chiwindi, au huku milimani, hesabu maboma. Piga picha. Uliza lilianza mwaka gani, nani walichangia, limeishia wapi, nani aliahidi bati. Halafu simama kwenye Mkutano Mkuu, kwa adabu, na hoja yako iandikwe kwenye muhtasari. Isipoandikwa hujasema. Muhtasari huo mpelekee diwani kabla bajeti haijapita, maana mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Ukienda Juni umechelewa. Na diwani wa chama tawala ukimkuta, mwombe naye. Nesi akihamia, hatauliza kadi ya mama mjamzito.

Boma siyo zawadi tunayoomba imaliziwe. Mama yangu alishatoa sehemu yake, iko pale, inaonekana. Aliyebaki hajatoa ni mmoja. Boma ni deni, na mwenye deni anadaiwa kwa jina, kwa tarehe, kwa maandishi.

Mimi nimeanza. La kwetu nimeshalipiga picha, pamoja na mpapai wake.